Sikubaliani Nawe, Mwalimu

Pale Pasiansi, jijini Mwanza, mtu akifariki, kwanza yanatafutwa maturubai na viti, kisha anatafutwa Mwalimu Getruda Kashindye. Paroko ana watu wengi wa kuwahudumia na anaweza kuchelewa. Mwalimu Getruda hachelewi. Anafika na kalamu yake, anakaa na wafiwa chumba cha ndani, anauliza marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Kesho yake, kabla jeneza halijatoka nyumbani, anasimama mbele ya waombolezaji na kusoma wasifu ambao hata jirani aliyekuwa amemnunia marehemu kwa miaka atajikuta anatafuta leso.

Kazi hiyo hakuisomea popote. Ilianza na msiba wa shemeji yake, ambapo kila mtu alikuwa analia na hakuna aliyeweza kushika kalamu. Mmoja akasema, huyu si ndiye mwalimu wa Kiswahili, aandike yeye. Akaandika, watu wakalia vizuri, na tangu siku hiyo hakuwa na namna ya kukwepa.

Na tuseme ukweli, alikuwa fundi. Mlevi wa mtaa, Getruda akimpitishia kalamu, alitoka akiwa mtu wa watu aliyependa kukaa na wenzake. Mkorofi alitoka akiwa na msimamo usioyumba. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeacha familia mbili zisizosalimiana, moja Igoma na nyingine Magu. Getruda aliuandika wasifu wake kwa namna ambayo wajane wote wawili, kila mmoja kwenye kiti chake, waliitikia kwa kichwa. Watu walikuja kumshika mkono kwa ajili ya ule wa familia mbili mpaka akaona aibu. Siri ya kazi ile ni kutomgusa mtu. Penye ugomvi unapita kando, na penye maneno mawili yasiyopatana unayafunika kwa sentensi moja ndefu yenye amani ndani yake.

Sasa mtu huyu, akiwa na miaka arobaini na kitu, watoto wamekua na mikono imeshazoea chaki, akaenda kujiandikisha masomo ya uzamili.

Si kwamba alikuwa anatafuta cheo. Zamani, aliposoma shahada ya kwanza, wenzake walimwita Wakili, kwa sababu hakuna mjadala uliopita darasani bila yeye kuusimamisha. Kisha ikaja ndoa, ikaja ajira, zikaja jumuiya na vikao vya shule na misiba ya watu, na yule Wakili akalainika kidogo kidogo bila mtu kugundua, hata yeye mwenyewe. Siku moja katika kikao cha walimu mkuu wa shule aliomba maoni kuhusu kufuta kipindi cha maktaba, jambo ambalo Getruda aliliona ni la ovyo kabisa. Zamu yake ilipofika akajisikia mwenyewe akisema, "Mimi naungana na wasemaji waliotangulia." Maneno hayo yalimkera wiki nzima. Alijiuliza kama bado ana wazo lake mwenyewe kichwani, au kama kumebaki mkusanyiko wa mawazo ya waliotangulia. Hicho ndicho kilichompeleka chuoni, na wazo lake mwenyewe ndilo alilokuwa anaogopa kulipoteza.

Masomo ya darasani aliyapita, kwa kusukumana. Akafika kwenye andiko la utafiti, yaani kueleza utafiti gani anataka kufanya na kwa nini, na hapo akakwama. Idara ilishamwongezea muda mara moja. Safari hii walimwambia wazi kwamba asipoliwasilisha mbele ya jopo kabla chuo hakijafungwa kwa likizo ndefu, jina lake litaondolewa, na hakutakuwa na nyongeza nyingine.

Alitaka kuchunguza lugha ya wauza dagaa wa soko la Mwaloni, kule Kirumba. Wazo lilikuwa zuri na kila aliyelisikia alilipenda. Tatizo lilikuwa kukaa chini na kuandika. Alianza kuamka kabla ya mumewe, Chenge, fundi wa majokofu, akawasha taa ya mezani na kufungua kompyuta. Halafu akakumbuka kwamba maharage hayajachambuliwa. Akayachambua. Kesho yake akaona sketi yake ya kazini ina mikunjo, akapiga pasi, na kwa kuwa pasi imeshapata moto akanyoosha na mashuka. Chenge alisema tangu mke wake arudi shule, nyumba haijawahi kuwa safi namna ile. Getruda hakucheka.

Kisha asubuhi moja, bila kutegemea, maneno yakaja. Yalikuja mengi na kwa mpangilio, siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka akamaliza sura nzima ya mapitio, ile ambayo mwanafunzi anaeleza wenzake waliomtangulia wameandika nini kuhusu jambo lake. Alifurahi sana. Alidhani mkono umerudi. Kumbe mkono ulikuwa umepata njia unayoijua, ukaifuata huku macho yamefumbwa.

Msimamizi wake alikuwa Dokta Anyango, mama mwenye asili ya Mara, mdogo kwa Getruda kwa miaka kadhaa. Salamu zao zilikuwa kazi kila walipokutana. Dokta alisema shikamoo kwa sababu ya umri, Getruda naye alitaka kusema shikamoo kwa sababu ya elimu, wakaishia kushikana mikono na kucheka. Siku hiyo baada ya kucheka Dokta alivaa miwani na kusoma kwa sauti.

"'Okomo ni mtafiti mchapakazi, aliyejitoa kwa moyo wake wote kwa ajili ya lugha yetu. Upole wake katika hoja na uvumilivu wake katika kukusanya data vimetuachia hazina kubwa. Daima tutamshukuru.'"

Alishusha karatasi, akaeleza tatizo bila kuzunguka. Sura nzima iko hivyo. Watafiti wote wamesifiwa na hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali. Okomo anasema wauza dagaa wanachanganya lugha kwa sababu hawakusoma, na mtafiti mwingine anasema kinyume chake kabisa. Watu hao wawili hawawezi kuwa sahihi kwa pamoja, lakini Getruda amewakalisha kwenye sentensi moja na kuwapatanisha.

"Nani amekuomba usuluhishi, Mwalimu?" aliuliza Dokta. "Kama wote wamesema vizuri na hakuna kilichobaki, wewe unakwenda Mwaloni kufanya nini?"

Getruda alijisikia vibaya, hasa kwa sababu alijua Wakili wa zamani angejibu kabla swali halijamalizika. Dokta Anyango aliona uso wake, akalegeza sauti. Akampa zoezi. Kila asubuhi, kabla hajagusa andiko, aandike kitu kimoja asichokubaliana nacho na sababu zake. Kitu chochote, hata kama hakihusu masomo. Asimwonyeshe mtu.

Asubuhi ya kwanza Getruda alikaa mpaka chai ikapoa. Aligundua kwa hofu kidogo kwamba anakubaliana na kila kitu duniani. Akaangaza macho pale sebuleni kutafuta msaada, yakatua kwenye majokofu matatu ya wateja ambayo Chenge alikuwa ameyaegesha ukutani, moja limefunguliwa mlango kama mtu anayepiga miayo. Akaandika: sikubaliani na majokofu ya watu kukaa sebuleni kwangu. Akatoa sababu. Sababu zikazaa sababu nyingine, akajibu na utetezi ambao Chenge angeutoa, akaubomoa, na aliponyanyua kichwa alikuwa amejaza kurasa mbili na kulikuwa kumekucha kabisa.

Kesho yake alipinga mahubiri ya Jumapili. Kesho kutwa akapinga ratiba ya masomo ya ziada pale shuleni. Akapinga tangazo la redio, akapinga namna dada yake anavyolea, akapinga jambo alilolisema yeye mwenyewe juzi yake. Polepole mkono ukaanza kukumbuka kazi ile: kueleza mtu anasema nini, kwa haki, bila kumgeuzia maneno, kisha kuonyesha mahali panapovuja. Zoezi likaanza kutoka mezani na kuingia mitaani. Katika kikao kilichofuata alisema, "Mimi siungani na waliotangulia," na walimu waliokuwa wanasinzia wakageuka kumwangalia. Majokofu yakahamia barazani. Chenge alilalamika siku mbili, halafu akakiri kwamba hoja ya pili ilikuwa na nguvu.

Haikuwa safari ya kupanda tu. Katikati ya mambo hayo alifariki Ojwang, fundi cherehani wa pale mtaani, na watu wakaja kumfuata Getruda kama kawaida. Hangeweza kukataa, Ojwang ndiye aliyewashonea watoto wake sare zote. Aliandika wasifu mzuri, akausoma, watu wakalia. Kesho yake asubuhi alipofungua sura yake, kila sentensi aliyoigusa ilitoka laini na yenye shukrani. Ikabidi aanze tena chini kabisa, kwenye kupinga chumvi ya mboga ya jana, na apande upya hadi kwenye watafiti.

Lakini alipanda. Alimrudia Okomo na kumhoji, kwa heshima, lakini alimhoji. Aliwatenganisha wale wawili aliokuwa amewapatanisha, akasema ni yupi mwenye ushahidi zaidi na kwa nini. Dokta Anyango alianza kuandika pembeni ya karatasi maneno mafupi mafupi, "sawa", "hapa vizuri", na mara moja, "hapa umenishika". Getruda aliliangalia hilo la mwisho mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima.

Ikabaki aya moja, aya ya Mwalimu Elias Malimi.

Huyu alikuwa mkufunzi wake wa zamani, aliyemfundisha kabla hata hajaenda kusoma shahada. Ndiye aliyemfungua macho kwamba lugha ya sokoni ni kitu cha kusomwa. Mama yake Getruda alipofariki, Mwalimu Malimi alikaa matangani mpaka mwisho. Sasa alikuwa amestaafu, yuko kwao Magu na majaruba yake ya mpunga. Na yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kuandika makala nzima kuhusu wauza dagaa wa Mwaloni. Alisema wauzaji wana maneno yao ya pembeni, na maneno hayo ni ya kuwaficha wanunuzi kasoro za mzigo. Kila aliyeandika baada yake alimnukuu na kumshukuru.

Getruda alikuwa ametumia likizo zake mbili kukaa Mwaloni, na alichokisikia hakikuwa hicho. Wauzaji walitumia maneno yale yale wakiwa peke yao, mnunuzi hayupo hata mmoja. Waliyatumia kuelezana dagaa gani wamekaushwa mchangani, gani wamekaushwa juu ya nyavu, gani wamenyeshewa na waanikwe upya. Yalikuwa maneno ya kazi. Mwalimu Malimi alikuwa amekosea, na kosa lilionekana wazi kwa mtu yeyote ambaye angesoma orodha ya aliowahoji: wote walikuwa wanunuzi.

Getruda alijua hivyo na hakuweza kuliandika. Kila alipojaribu, sentensi iligeuka njiani na kuwa shukrani. Dokta Anyango alimwambia kwamba andiko lote limesimama hapo, na bila aya hiyo hakuna andiko. Siku za kufunga chuo zilikuwa zimekaribia. Mwishowe Getruda aliamua jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri wa kule kwetu angeliamua: aende Magu akaombe ruhusa.

Alinunua sato mkubwa, akamfunga vizuri, akaenda Jumamosi. Alimkuta Mwalimu Malimi sebuleni ameweka mguu juu ya kigoda, kwa kuwa goti linamsumbua, anatazama mpira na kumkemea kocha. Mkewe, Mama Tereza, alimpokea sato kwa furaha na kwenda naye jikoni. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mpunga, za mvua. Kisha Getruda akasema ana andiko lake la utafiti na angependa Mwalimu atazame sehemu inayomhusu. Akampa karatasi. Ilikuwa ile aya ya zamani, yenye sifa zote. Moyoni alipanga kwamba mzee akishasoma na kufurahi, ndipo ataingiza lile jambo kidogo kidogo.

Mwalimu Malimi alizima sauti ya mpira. Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Getruda."

"Abee, Mwalimu."

"Mimi nimekufa lini?"

Getruda alianza kucheka, akaona mzee hacheki.

"Nimesikia wasifu zako nyingi," alisema Mwalimu Malimi. "Nilikuwepo kwa mama yako, nilikuwepo kwa yule katekista wa Nyakato. Naujua mkono huu. Hapa imebaki ratiba ya maziko tu."

Ndipo Getruda alipoiona. Karatasi ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine na aliiona kwa macho ya mtu mwingine: mchapakazi, mwenye upendo, ametuachia hazina, daima tutamkumbuka. Si Mwalimu Malimi peke yake. Ile sura yote ya mapitio, toleo la kwanza, pamoja na Okomo ambaye ni mzima na anafundisha, aliiandika kama anayesoma mbele ya jeneza. Aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni.

Mzee aliikunja karatasi na kuiweka juu ya meza. Akamuuliza, alipoisoma makala yake akiwa peke yake, bila ya mtu wa kumfurahisha, alifikiri nini.

Getruda angeweza kupita kando. Njia ilikuwepo na aliijua kwa miaka. Lakini alikuwa ameamka asubuhi nyingi mno kupinga majokofu na mahubiri, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nilifikiri ulisikiliza wanunuzi tu, Mwalimu. Wauzaji hukuwasikiliza. Na maneno yale si ya kuficha."

"Kwa hiyo niliwasingizia."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

Na hapo, ndugu msomaji, usidhani mzee alitabasamu na kumbariki. Alikasirika. Makala ile aliiandika akiwa kijana, ndiyo iliyomfanya ajulikane, na kuambiwa hivyo na mtoto aliyemfundisha mwenyewe, tena sebuleni kwake, kulimuuma. Alinyanyuka kwa shida, akashika ukuta, akaenda chumbani na kufunga mlango. Mama Tereza alileta ugali na samaki, akatazama kiti kitupu, akasema mzee atakula baadaye. Wanawake wawili wakala peke yao. Wakati wa kuaga, Getruda alipiga hodi mlangoni kwa mzee akasema, "Mwalimu, mimi naenda." Hakujibiwa.

Alirudi Mwanza akiwa na huzuni ya kweli. Ruhusa aliyoifuata hakuipata, na mwalimu wake alikuwa amempoteza. Alimweleza Chenge, naye Chenge, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimuuliza swali moja tu: kama alichosema ni kweli. Getruda akasema ni kweli. Chenge akarudi kwenye jokofu lake.

Asubuhi iliyofuata Getruda alikaa mezani. Hakuandika zoezi, kwa kuwa siku hiyo hakulihitaji. Alifuta aya yote ya Mwalimu Malimi na kuanza upya. Alieleza kwa haki makala ile ilifanya nini, na kwamba kabla yake hakuna aliyewahi kwenda Mwaloni na kusikiliza. Hilo alilisema kwa sababu ni kweli. Kisha akaandika sentensi iliyomchukua muda mrefu kuliko kurasa zote zilizotangulia: "Malimi aliwahoji wanunuzi peke yao, halafu akaeleza nia ya wauzaji." Aliisoma. Haikumtukana mtu na haikumficha mtu. Alilia kidogo, akapangusa uso, akaendelea na aya iliyofuata.

Siku ya kuwasilisha ilifika chuo kikiwa karibu kufungwa. Chumba kilikuwa kidogo, jopo limekaa mbele, wanafunzi wachache nyuma, na Dokta Anyango pembeni na chupa yake ya maji. Mawasilisho yale hutangazwa, na huwa wazi kwa mtu yeyote. Getruda alikuwa kwenye ukurasa wa pili wakati mlango ulipofunguliwa akaingia Mwalimu Elias Malimi, amevaa koti, ameegemea fimbo, akaenda taratibu mpaka kiti cha nyuma na kunyoosha mguu wake mbovu. Hakumtazama Getruda. Mwenyekiti wa jopo, aliyewahi kufundishwa naye pia, alinyanyuka nusu na kuinamisha kichwa.

Getruda aliendelea kusoma huku akijua aya ile inakuja. Alikuwa na nafasi ya kuiruka. Kurasa zilikuwa mkononi mwake na muda ulikuwa mfupi, nani angejua? Mdomoni tayari kulikuwa na maneno ya kuweka mahali pake, maneno mazuri, kuhusu mwalimu wetu mpendwa aliyetufungulia njia. Aliyameza. Akaisoma aya yote, pamoja na ile sentensi, bila kupunguza neno.

Maswali ya jopo yalikuwa ya kawaida. Kisha mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine, na fimbo ikagonga sakafu kule nyuma.

Mwalimu Malimi alisimama. Alisema mwanafunzi anamlaumu kwa kutowahoji wauzaji. Je, anafikiri hakujaribu? Zama zile, mwanaume mwenye kalamu akiingia kati ya akina mama wa dagaa alidhaniwa mtu wa ushuru, wakanyamaza wote. Wasingemjibu. Alitaka afanye nini?

Lilikuwa jibu zuri, na Getruda hakuwa amelifikiria. Alishika ukingo wa meza.

"Sikubaliani nawe, Mwalimu," alisema. "Naamini kwamba hawakukujibu. Lakini basi makala ingesema hivyo, kwamba hawa walizungumza na hawa walinyamaza. Yenyewe imesema wauzaji wanaficha. Ukimya wao uliusoma kama hila."

Mzee alibaki amesimama. Dokta Anyango alikuwa ameacha kuandika.

"Haya," alisema Mwalimu Malimi. "Mimi nilikuwa nasimama mbali na kuwaangalia. Mnunuzi alipofika, walishusha sauti. Kila mara. Kama ni maneno ya kazi tu, kwa nini wanashusha sauti?"

Getruda alifikiri. Alitafuta jibu, akaona hana, na akaona pia kwamba hahitaji kulifunika kwa sentensi ndefu.

"Hilo sijui, Mwalimu. Nitakwenda kusikiliza."

Mzee akakaa. Jopo likawatoa watu nje, likakaa kwa muda, likamwita Getruda na kumwambia andiko lake limepita, arekebishe mambo machache, na katika utafiti wake ahakikishe amelishughulikia swali la pili la Mwalimu Malimi. Dokta Anyango alimkumbatia mbele ya wote, akasahau kabisa mambo ya shikamoo.

Mwalimu Malimi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, anasugua goti. Getruda alimwendea, akapiga goti kidogo na kumwamkia. Mzee aliitikia marahaba. Hakumpongeza. Alisema bado anaona Getruda amekosea, naye Getruda akasema inawezekana.

"Tangu niandike makala ile watu wananishukuru," alisema mzee, akiangalia ukuta wa mbele. "Kila mmoja ananishukuru. Nilishaamini hakuna aliyeisoma."

Getruda alitaka kusema kitu cha kumfariji na akajizuia, kwa sababu mzee hakuwa anaomba faraja. Akamsaidia kusimama. Walitembea taratibu mpaka nje, na njia nzima Mwalimu Malimi alikuwa anamweleza kwa nini hoja yake kuhusu ukimya haijakamilika, naye Getruda anamkatiza.

Likizo ilipoanza alirudi Mwaloni. Alifika mapema, magunia yanashushwa kutoka kwenye mitumbwi, akaomba nafasi kati ya akina mama wa dagaa na kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, karatasi magotini. Walimzoea haraka, wakaendelea na maneno yao kwa sauti ya juu, wakitaniana na kukemeana. Baadaye akatokea mnunuzi kutoka mbali, mwanaume mwenye tumbo na simu mbili, akaja akipita kati ya mizigo. Sauti zikashuka, moja baada ya nyingine, kama alivyosema Mwalimu Malimi. Na yule mama aliyekaa jirani na Getruda akamsogelea karibu kabisa, akashusha sauti na yeye, akaanza kumweleza kwa nini.

Getruda akaandika.